Kwenda Visiwa vya Ssese Msimu wa Mvua: Mwongozo Kamili wa Kupanga Safari

Mvua zikishika Kampala, vyumba vya Ssese vinashuka bei. Hakuna bango litakalokuambia hivyo, na kurasa za hoteli mtandaoni zitaendelea kuonyesha bei ileile ya Krismasi. Punguzo linapatikana kwa kupiga simu na kuuliza. Wengi hawaulizi, maana wanaamini kisiwa wakati wa mvua ni kufungiwa chumbani siku tatu ukitazama maji yakichuruzika kwenye mabati. Ni kweli kwamba visiwa hivi 84 vya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Uganda. Hata hivyo mtu anaweza kukaa huko wiki nzima ya Novemba na akapata jua karibu kila mchana.

Safari hizi zinaharibika mara nyingi kwa sababu ya mpangilio kuliko mvua yenyewe. Watu huanza na hoteli, wakalipa, kisha ndipo wanaulizia meli. Msimu wa mvua anza na kivuko: utavukaje kwenda, utarudi vipi, na kivuko kisipoondoka utalala wapi. Kitanda kitafuata.

Ninazungumzia hasa Bugala, kisiwa kikubwa chenye mji wa Kalangala, kwa sababu ndicho chenye vivuko vya kuaminika, barabara na hoteli za kutosha. Visiwa vidogo nitavigusa penye haja.

Ijue mvua ya ziwani, hasa saa zake

Kusini mwa Uganda kuna misimu miwili ya mvua. Masika ni Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo yenyewe. Vuli inaanza Septemba na kuchelewa hadi mapema Desemba. Ukikaa na Waganda utasikia toggo na ddumbi. Ni misimu hiyohiyo miwili. Miezi hii kila mtu anaijua. Wachache wanazijua saa.

Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Upepo unavuma kutoka ziwani kwenda bara, mawingu yanajengeka juu ya Kampala, Mukono na Masaka, na mvua inapiga huko alasiri. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, upepo unatoka kandokando kuelekea katikati ya maji, hewa inapanda, na radi zinaanza. Kwa hiyo mtu wa Kampala amezoea mvua ya saa tisa mchana, na mtu wa Kalangala amezoea ya saa tisa usiku. Dhoruba hizi za usiku nyingi husukumwa kuelekea magharibi, na Ssese iko kaskazini-magharibi mwa ziwa, ikizipokea.

Kwa mpangaji wa safari hii ni habari njema. Mvua kubwa itakukuta umelala. Asubuhi kunaweza kuwa na manyunyu, ukungu na mawimbi yaliyobaki ya usiku. Kuanzia saa nne au saa tano hali hutulia, na mchana wa Kalangala katika msimu wa mvua mara nyingi ni mzuri kuliko mchana wa Kampala siku hiyohiyo. Si sheria. Zipo siku, za Aprili hasa, ambazo mvua inashinda ikinyesha kutoka alfajiri hadi jioni. Kwa hiyo usiende kwa usiku mmoja. Kaa angalau usiku tatu, ili siku moja ikiharibika usiwe umepoteza safari.

Nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya masika na vuli, nachagua vuli, mwisho wa Oktoba au Novemba. Mvua za masika ni nzito zaidi, na maji ya ziwa hufika juu kabisa mwezi Mei, wakati fukwe zimebaki vipande. Kuna ubaguzi mmoja: miaka ambayo Bahari ya Hindi upande wetu inapata joto kupita kawaida, au El Niño inapoingia, vuli ndiyo inayokuwa kali. Mwisho wa 2019 ilikuwa hivyo, na matokeo yake ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja mwezi Mei 2020, likivuka rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1964. Mamlaka ya hali ya hewa ya Uganda, UNMA, hutoa utabiri wa msimu kabla mvua hazijaanza. Usome kabla hujaomba likizo kazini. Ukisema mvua zitazidi wastani kanda ya Ziwa Victoria, sogeza safari hadi Januari na ukubali kulipa zaidi.

Msimu wa mvua haumaanishi kila siku ni rahisi

Pasaka huangukia Machi au Aprili, katikati ya masika, na Ssese hujaa. Idd ikiangukia hapo, vilevile. Tarehe 9 Oktoba ni Siku ya Uhuru. Ikikaribiana na wikendi, Kampala nzima inatafuta pa kwenda. Mapema Mei shule hufunga muhula wa kwanza. Siku hizo mvua inanyesha na bei iko juu. Umepata hasara mbili kwa mpigo.

Wiki nzuri ni za katikati ya muhula: Aprili baada ya Pasaka, katikati ya Oktoba baada ya sikukuu, karibu Novemba yote. Na ndani ya wiki hizo, Jumatatu hadi Alhamisi. Hoteli za Lutoboka, ghuba ya Bugala ambako meli hutia nanga, zinaishi kwa makundi ya wikendi, wale wa ofisini na wa vyuoni wanaokuja Ijumaa na spika zao na kuondoka Jumapili. Jumanne ya Novemba unaweza kuwa mgeni pekee kwenye ufuo mzima.

Weka pia siku ya akiba mwishoni. Kama unatakiwa kazini Ijumaa, rudi Jumatano. Kama una ndege Entebbe, vuka siku moja kabla, hata kama meli ya asubuhi inaonekana itakuwahisha. Siku hiyo ya akiba ndiyo gharama halisi ya kusafiri msimu wa mvua, na asiyekuwa nayo nafuu asubiri kiangazi.

Kuvuka: milango miwili ya Bugala

Mlango wa kwanza ni Nakiwogo, pale Entebbe. Meli ya MV Kalangala huondoka saa nane mchana na kufika Lutoboka baada ya mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Kesho yake saa mbili asubuhi inageuza. Inabeba abiria zaidi kidogo ya mia na magari machache, kwa hiyo fika mapema, saa sita uwe umeshapanga foleni. Mwenye gari awahi zaidi. Mara kwa mara meli huingia matengenezo na huduma husimama au hubadilishwa, basi piga simu siku mbili kabla, kisha asubuhi ya safari. Mtu mzuri wa kumuuliza ni hoteli yako ya Lutoboka. Wao wanaiona meli ikifika au isipofika kila jioni.

Mlango wa pili ni Bukakata, upande wa Masaka. Kutoka Kampala hadi Masaka ni kilomita 130 hivi, kisha karibu 40 nyingine hadi ziwani. Hapo kuna kivuko cha kwenda Luuku, upande wa Bugala, kinachovuka chini ya saa moja, mara nyingi kwa siku, na hakitozi nauli, wala kwa abiria wala kwa gari. Zipo teksi zinazotoka Kampala hadi Kalangala kwa njia hii na kuvuka na abiria wao.

Msimu wa kiangazi uchaguzi ni wa ladha tu. Msimu wa mvua kila mlango una udhaifu wake. Wa Nakiwogo ni maji: mwendo ni mrefu ziwani, na safari ya kurudi inaondoka saa mbili asubuhi, saa ambayo mabaki ya dhoruba ya usiku bado yanazunguka. Wa Bukakata ni barabara. Barabara ya Masaka inapita kinamasi cha Lwera na Mto Katonga, na Mei 2023 maji yaliharibu daraja la Katonga kiasi cha kufunga barabara kuu. Magari yakazungushwa kupitia Mpigi, Kanoni na Sembabule. Ukisikia mafuriko Lwera, usijidanganye kwamba utapita tu.

Ushauri wangu, kwa asiye na gari: nenda kwa Nakiwogo, rudi kwa Luuku. Saa nane mchana ziwa kwa kawaida limetulia, na saa tatu za melini ni sehemu ya mapumziko. Siku ya kurudi hutaki kufungwa na meli moja ya asubuhi. Luuku vivuko vinaendelea kutwa, unaweza kunywa chai, ukasubiri anga lifunguke, ukavuka saa tano. Mwenye gari apite Bukakata kwenda na kurudi, aangalie habari za Katonga kabla ya kutoka nyumbani, na aanze safari alfajiri awe ameshavuka kabla mvua ya alasiri ya Masaka haijaanza.

Melini Nakiwogo, kaa ndani au chini ya paa, na mizigo uiinue kutoka sakafuni. Wingu likikaribia, utaona mabaharia wanaanza kufungua maturubai ya pembeni na kuyafunga kwa kamba. Hapo una dakika chache. Wenyeji wanajua. Mama mwenye boksi la vifaranga anahama kabla yako, mikungu ya matoke inasukumwa katikati, na wageni waliokuwa wanapiga picha ukingoni ndio wanaolowa.

Sasa kuhusu Kasenyi. Huu ni mwalo karibu na Entebbe ambako boti za mbao huondoka kwenda Banda, Bukasa na visiwa vingine vidogo. Hakuna gati, wabebaji wanakubeba mgongoni hadi kwenye boti kwa pesa kidogo, na boti inaondoka ikijaa, ambayo maana yake ni ikizidi. Kiangazi, kwa mtu mzoefu mwenye jaketi lake la kujiokolea, sina neno. Msimu wa mvua siwashauri wageni kabisa. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na pwani ya Mukono, jioni, ikiwa imezidisha watu, na zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa karibu na nchi kavu kiasi kwamba wavuvi walifika kuokoa. Kama ni lazima upande boti ndogo, iwe ya hoteli, yenye jaketi kwa kila mtu, iondoke baada ya saa nne asubuhi na ifike kabla ya saa kumi. Vaa jaketi ungali nchi kavu na ufunge vifungo vyote. Jaketi lililokaliwa kama mto halijamsaidia mtu.

Kusoma anga siku yenyewe

UNMA hutoa utabiri wa ziwa unaotaja upepo na mawimbi, tofauti na ule wa miji. Soma huo. Utabiri wa simu unaosema asilimia fulani ya mvua "Kalangala" haukuambii kitu kuhusu maji kati ya Entebbe na Lutoboka.

Kisha waulize wavuvi. Mwaloni Kiswahili kinapita vizuri, maana wavuvi wametoka kila kona: Wasoga, Wajaluo, Wahaya, Wakongo. Mjini Kalangala Luganda ndiyo inayotawala, ila hutakosa wa kukusaidia. Usiulize "je, leo kutakuwa na mvua?" Watakujibu wanavyodhani unataka. Uliza "leo mmeingia ziwani?" Ukiona mitumbwi yote imevutwa juu saa tano mchana, umeshajibiwa. Dalili za haraka ni upepo kukata ghafla, kisha baridi kuja kwa mkupuo, na maji ya mbali kugeuka rangi ya risasi. Ukiwa kwenye boti ndogo, hapo unarudi ufuoni ulio karibu, hata kama si ulikokuwa unakwenda.

Radi zichukulie kwa uzito. Ukanda huu wa ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Ukisikia ngurumo, toka majini, ondoka ufuoni na chini ya miti mirefu, ingia kwenye nyumba ya kudumu au gari.

Kupata hoteli na kuongea bei

Hoteli nyingi zimejipanga kwenye ghuba ya Lutoboka, hatua chache kutoka meli inakotia nanga, na nyingine ziko juu mjini. Msimu wa mvua napendelea za chini zilizo na kingo ya msitu nyuma; zinakingwa upepo. Lakini kumbuka kupanda kwa ziwa: mwaka wa 2020 fukwe nyingi zilimezwa, na baadhi ya vibanda vya ufuoni vilibaki vimesimama majini. Usiamini picha. Omba picha ya ufuo iliyopigwa wiki hiyo, itumwe kwa WhatsApp. Asiyetaka kutuma ameshakujibu.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi. Piga simu, usiandike:

"Madam, habari za kazi. Nataka kuja Jumanne hadi Ijumaa, watu wawili. Bei ya siku za kazi ni ngapi?"

Atakutajia bei ya kawaida.

"Sawa, hiyo ni ya wikendi. Sasa hivi ni mvua, na tunakaa usiku tatu. Tutakula chakula chote hapo. Utatufanyia ngapi?"

Neno la chakula ndilo linalofungua mlango. Hoteli ikiwa tupu, inapata faida jikoni kuliko kwenye chumba. Kama bei haishuki, omba ikupe milo yote kwa bei ileile, au chumba cha ngazi ya juu. Lipa malipo ya awali kidogo, tuseme robo, na mkubaliane kwa maandishi kwamba meli isipoondoka tarehe inasogea bila faini. Hoteli ya Ssese inayokataa sharti hilo katika mwezi wa Aprili, achana nayo, zipo nyingine.

Yaulize na haya, kwa maneno wazi: paa la chumba kile linavuja? Jenereta inawashwa umeme ukikatika, au saa fulani tu? Maji ya moto yanatoka wapi? Yakiwa ya sola peke yake, baada ya siku mbili za mawingu utaoga ya baridi. Neti ya mbu ipo na haijatoboka? Kuna ukumbi wenye paa ulio wazi pembeni? Hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyosikika. Mvua ya asubuhi ukiitazama kutoka barazani na chai ya tangawizi mkononi inapita haraka. Ukiwa chumbani chenye dirisha moja, ni jela.

Pesa

Siwezi kukutajia bei za vyumba, zinabadilika kila mwezi na zinategemea ulimi wako. Lakini gawa bajeti yako hivi: usafiri, chumba na chakula, matembezi, kisha weka pembeni fungu la usiku mmoja wa ziada kwa kila mtu, pamoja na mlo. Fungu hilo usiliguse. Likirudi nyumbani zima, vizuri.

Nenda na shilingi taslimu za kukutosha. MTN na Airtel zinapatikana Bugala na malipo ya simu yanakubalika karibu kila mahali, lakini mtandao unaweza kukatika baada ya dhoruba na wakala akaishiwa na floti. Usitegemee mashine ya kutolea pesa. Fedha za kigeni badilisha Kampala au Entebbe.

Mzigo

Koti la mvua la kweli, lenye kofia. Mwavuli upepo wa ziwani utaugeuza nje-ndani siku ya kwanza. Gambuti ukiwa na nia ya kutembea msituni, au viatu vyenye meno. Kandambili za bafuni pekee hazitoshi, murramu mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Chukua nguo zinazokauka haraka, maana jinzi iliyolowa Jumanne itarudi Kampala ikiwa mbichi. Sweta la usiku. Tochi. Pawabenki iliyojaa. Ndani ya begi, tia nguo kwenye mfuko mkubwa wa plastiki uliofungwa. Simu na vitambulisho kwenye kidogo. Dawa ya kichefuchefu unywe nusu saa kabla ya kupanda, usingoje tumbo lianze.

Neti nyingine hata kama hoteli inasema ipo, na dawa ya kufukuza mbu. Malaria ni ya mwaka mzima, msimu huu inazidi. Wanaotoka sehemu zisizo na malaria wapate ushauri wa daktari kuhusu vidonge vya kinga kabla ya safari. Kalangala kuna kituo cha afya cha ngazi ya nne, lakini tatizo kubwa linapelekwa Masaka au Entebbe, na kuvuka usiku wa dhoruba si jambo la kutegemea. Mwenye ugonjwa wa kudumu abebe dawa za siku za ziada pia.

Kwa wanaotoka nje: Mkenya na Mnyarwanda anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, Mtanzania aje na pasipoti au hati ya kusafiria. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano inatakiwa.

Kisiwani kufanya nini

Asubuhi ni ya msitu. Baada ya mvua ya usiku, njia za msitu nyuma ya Lutoboka zinachemka: tumbili wanashuka, hondohondo wanapiga kelele, na ukibahatika utaona kasuku wa kijivu wakivuka juu ya miti. Chukua mtu wa kukuongoza, maana njia zinafunikwa na majani na matope. Vipepeo msimu huu ni wengi kupita kiangazi.

Adhuhuri na alasiri ni ya ziwa na barabara. Ukikodi bodaboda kwenda ndani ya kisiwa utapita kati ya mashamba ya michikichi yaliyopandwa tangu miaka ya 2000, safu baada ya safu. Wengine wanayapenda kwa picha. Mimi nayaona yamekula msitu mzuri. Kama mvua imenyesha karibuni, mwambie dereva apunguze mwendo kwenye miteremko, na mpatane kabla kwamba mvua ikianza mnasimama.

Tembelea mwalo mmoja. Sehemu hii mvua inaonyesha sura ambayo mtalii wa kiangazi haioni. Mukene, yaani dagaa, wanaanikwa chini ili wakaushwe na jua, na jua likikosekana mtaji unaoza. Tone la kwanza likianguka, akina mama wanakimbia na maturubai na buvera, yaani mifuko ya plastiki, wanakunja dagaa kwa mikono, na hakuna anayesubiri kuombwa: hata mpita njia anashika pembe ya turubai. Ukiwa hapo, shika. Dagaa waliolowa huuzwa kwa bei ya kutupa, kuwalisha kuku. Sangara na sato wabichi, kwa upande mwingine, nunua moja kwa moja mwaloni na umpe mpishi wa hoteli akukaangie. Hoteli nyingi hazikatai mkielewana ada ndogo.

Jioni funga madirisha na punguza taa. Karibu na mwezi mwandamo, sami, wale inzi wadogo wa ziwani, huinuka majini kama moshi na kufuata mwanga. Hawaumi, lakini supu yako haitabaki yako.

Kwa mwenye siku moja tu, usilazimishe Bugala. Kisiwa cha Ngamba kiko kilomita 23 kutoka Entebbe, makao ya sokwe yatima tangu 1998, karibu sokwe 50. Boti ya kasi inachukua chini ya saa moja, na safari hupangwa kufuata saa za kulisha sokwe. Weka nafasi kabla, chagua safari ya adhuhuri, na uulize wazi wanafanya nini hali ya hewa ikiharibika.

Kivuko kisipoondoka

Umefika Nakiwogo, meli haipo au anga limekuwa jeusi. Usihamie boti ya mbao kwa hasira. Hapo ndipo ajali zinapotoka. Una njia mbili. Kama ni kabla ya saa sita na barabara ya Masaka iko wazi, geuka uelekee Bukakata, utafika jioni. Kama ni baada ya hapo, lala Entebbe, tumia lile fungu la akiba. Bustani ya mimea iliyoanzishwa 1898 na kituo cha wanyamapori viko pale pale, vinakula nusu siku vizuri. Ipigie hoteli mara moja uwaambie mmekwama, kabla hawajakupigia wao. Tarehe inasogezwa kwa urahisi ukiwahi kusema.

Ukikwama kisiwani, mambo ni rahisi zaidi. Waambie hoteli utakaa usiku mwingine kwa bei ileile, mjulishe bosi, na kesho yake uulizie Luuku.

Baada ya kurudi

Ziwa Victoria lina kichocho. Kuogelea penye mchanga na maji ya wazi kunapunguza hatari, penye matete na konokono kunaiongeza, na hakuna sehemu ya kuapia kuwa salama. Ukiogelea au hata kukanyaga maji ukishuka kwenye boti, jifute kwa taulo mara moja. Kisha, wiki sita hadi nane baadaye, nenda kituo cha afya ukapimwe na kupewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, inavyoshauriwa; ukiinywa siku unayorudi, minyoo michanga haitaguswa na dawa. Homa yoyote ndani ya wiki kadhaa baada ya safari, pima malaria siku hiyohiyo, na umwambie mhudumu kwamba ulikuwa Kalangala.